Nina wanafunzi zaidi ya 80: niandike falsafa gani ya darasa jumuishi?

SWALI

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali huku vijijini mkoani Dodoma, na ninaandika kwa sababu nimetakiwa kuandika jambo ambalo kila nikishika kalamu linanikimbia. Nimeomba nafasi ya kusomea stashahada ya elimu maalumu, na miongoni mwa vitu ninavyopaswa kuwasilisha ni ukurasa mmoja unaoeleza falsafa yangu binafsi kuhusu darasa jumuishi, yaani darasa ambamo watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu husoma pamoja. Mwalimu mkuu ameupenda mpango huo, akasema ukurasa huohuo utawekwa katika faili la shule ili Afisa Elimu Kata akija ausome, na kwamba walimu wengine nao huenda wakaandika wa kwao.

Rasimu niliyo nayo inaanza hivi: "Ninaamini kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu bora bila kujali hali yake." Hakuna neno ninalolipinga hapo, lakini nikiinua macho na kulitazama darasa langu naona kwamba sentensi hiyo haigusi chochote ninachokutana nacho kila siku. Nina wanafunzi zaidi ya 80 katika chumba kimoja. Yumo binti mwenye ualbino ambaye nimemkalisha dawati la mbele, na bado ananakili kila kitu kutoka kwenye daftari la rafiki yake. Yumo mvulana ambaye ukimwita akiwa amekupa kisogo hageuki. Mama yake anasema ni mkaidi, na bibi yake anasema masikio yamekuwa yakimtoa usaha tangu akiwa mdogo. Yumo mwingine asiyeweza kukaa dakika tano bila kuinuka, na walimu wenzangu wamekwisha kumbandika jina la mtukutu. Na wapo kadhaa, ambao siwezi hata kusema kwamba wana ulemavu, waliofika Darasa la Tatu bila kuweza kusoma sentensi moja.

Katika ofisi ya walimu kauli ninayoisikia ni kwamba watoto wa namna hiyo wapelekwe shule zao, kwani sisi hatukusomea kazi hiyo. Mzazi mmoja, ambaye mwanawe huongoza darasa, amekuja kulalamika kwamba ninawarudisha nyuma watoto wenye uwezo kwa ajili ya wachache.

Maswali yangu ni haya, Mama. Nikiandika kwamba ninaamini katika elimu jumuishi, huku nikiona kwamba kuna mtoto ambaye pengine angesoma vizuri zaidi kwingine, nitakuwa nimejipinga? Nikimpa mtoto mmoja swali jepesi na mwenzake swali gumu, huo ni uadilifu? Na katika darasa la ukubwa huu, falsafa ina kazi gani hasa?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Dodoma

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Nianze na rasimu yako. Sentensi uliyoiandika ni ya kweli, ila si ya kwako. Ni ya sheria. Mwezi Juni 1994 wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, nchini Uhispania, wakatamka kwamba shule za kawaida zina wajibu wa kuwapokea watoto wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalisisitiza jambo hilo katika kifungu chake cha 24, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, yaani Sheria Namba 9 ya mwaka 2010. Haki ya yule binti kuwa darasani mwako ilikuwepo kabla hujapangiwa shule hiyo, na itaendelea kuwepo hata akija mwalimu asiyeiamini. Kwa hiyo yule atakayesoma maombi yako, akiikuta sentensi hiyo, hatajifunza lolote kukuhusu wewe isipokuwa kwamba unaifahamu sheria.

Falsafa ya mwalimu huanzia mahali ambapo sheria imenyamaza. Sheria haikuambii umfikirie nani kwanza unapokaa jioni na andalio la somo mbele yako. Wengi wetu humfikiria mtoto wa katikati, yule anayeona, anayesikia, anayekwenda na kasi ya kitabu, na somo likishakamilika kwa ajili yake ndipo tunajiuliza tutawafanyia nini wale wengine. Na kwa kuwa wakati huo usiku umekwisha kuingia na madaftari ya kusahihisha bado yanatungoja, jibu letu huwa ni kuwakalisha mbele. Mimi ninaamini, na ndilo jambo moja ninalokuomba ulipime, kwamba mwalimu wa darasa jumuishi huanza kuandaa somo na mtoto ambaye somo hilo lingempita. Simaanishi kwamba amwandalie huyo peke yake. Anajiuliza: kesho, kwa namna nilivyozoea kuifundisha mada hii, ni nani hataambulia kitu, na kwa sababu gani? Kisha anaibadilisha namna hiyo kabla hajaingia darasani, na anaibadilisha kwa wote. Ukilishika hilo, wingi wa wanafunzi hautaacha kuwa mzigo, lakini hautakuwa tena sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa hutakuwa ukiandaa masomo manne kwa siku bali somo moja lililofikiriwa vizuri.

Tuwatazame sasa watoto wako, kwa sababu falsafa isiyowataja haitakusaidia.

Dawati la mbele ni mwanzo mwema kwa binti yako, ila halimtoshi. Upungufu wa melanini, ile rangi ya asili ya mwili, kwa mtu mwenye ualbino hauishii kwenye ngozi; unaathiri pia jinsi jicho linavyokua, hasa ile sehemu ya nyuma ndani ya jicho inayotuwezesha kuona vitu vidogo kwa ukali, na mara nyingi macho yenyewe huchezacheza bila mwenyewe kuyazuia. Miwani humsaidia kiasi, lakini haimpi uoni kamili. Mwanga mkali nao humuumiza, na ndiyo maana dawati la mbele lililo kando ya dirisha linalopigwa na jua laweza kuwa baya kwake kuliko dawati la safu ya tatu lililo kivulini. Muulize yeye mwenyewe anaona vizuri akikaa wapi, kwani mtoto wa umri huo anajua. Mruhusu asogee hadi ubaoni kila anapohitaji bila kunyoosha mkono wala kuomba radhi, na uwaeleze wenzake mara moja kwa nini anafanya hivyo ili jambo hilo lisigeuke kichekesho. Kama unaweza, mwandikie muhtasari kwa kalamu nene kwenye karatasi moja, kwa sababu anaponakili kwa rafiki anapata kazi ya rafiki pamoja na makosa yake, tena anaipata wakati wewe umekwisha kuingia hatua nyingine ya somo.

Zaidi ya yote, soma kwa sauti kila unachokiandika ubaoni, neno kwa neno, wakati uleule unapokiandika. Ni tabia isiyogharimu shilingi, nami naithamini kuliko zana nyingi. Itamfikia yeye, itawafikia watoto wa dawati la mwisho ambao hawajawahi kukuambia kwamba hawaoni vizuri, na itawasaidia wale wasiojua kusoma kuioanisha sauti na herufi mbele ya macho yao.

Kwa huyu binti lipo pia jambo la kiofisi ambalo ukilichelewesha litamwumiza. Mwakani atafanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona, na huwaongezea muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Huduma hizo humfikia mtoto ambaye shule imemsajili ikiitaja hali yake. Hakikisha mwalimu mkuu anajua jina lake tangu sasa, na katika mazoezi ya darasani umzoeshe kuutumia muda huo wa nyongeza, ili siku ya mtihani usiwe jambo geni kwake.

Mvulana wako anahitaji hospitali kabla ya mbinu yoyote ya darasani. Msikilize bibi yake. Usaha unaotoka sikioni mara kwa mara huashiria maambukizi katika sikio la kati, nayo yakiachwa hutoboa ngoma ya sikio na kumpunguzia mtoto usikivu. Ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za watoto wetu kutosikia vizuri, na mara nyingi hutibika. Mwite mama yake kwa upole. Amekuwa akimwona mtoto kuwa mkaidi, na hatapenda kuambiwa mbele ya watu kwamba mtoto hakuwa akimsikia. Mweleze unachokiona wewe, kwamba mtoto huitika anapokuona usoni na haitiki anapokupa kisogo, umwombe ampeleke kupimwa, na wewe uandike hayo kwenye karatasi atakayompa daktari.

Wakati mkisubiri majibu, usizungumze ukiwa umeuelekea ubao, wala usisimame ukiwa na dirisha nyuma yako, kwa sababu uso wako ukiwa gizani midomo haisomeki. Na uache kumuuliza kama ameelewa. Mtoto asiyesikia vizuri amejifunza zamani kuitikia kwa kichwa ili aachwe kwa amani. Mwambie akuonyeshe: achore, apange, afanye hesabu ile mbele yako.

Hapa ndipo swali lako la kujipinga linapopata jibu. Tuseme vipimo vimeonyesha kwamba mtoto hasikii kabisa, au anasikia kidogo mno kiasi kwamba maneno hayamfikii. Mtoto kiziwi hawi mwenye kusikia kwa kusogezwa karibu na mwalimu. Anahitaji lugha kwanza, na lugha hiyo ni Lugha ya Alama ya Tanzania, tena anahitaji watoto na watu wazima wa kuizungumza naye asubuhi hadi jioni, kama wewe na mimi tulivyohitaji watu wa kuzungumza nasi hadi tukajua kusema. Kumweka miaka yote ya shule ya msingi katikati ya watoto 80 wasiojua alama hata moja, kisha kuandika katika taarifa kwamba amejumuishwa, ni kumtenga hadharani. Waliokutana Salamanca waliliona hilo. Mwongozo wa utekelezaji walioupitisha pamoja na tamko lao unakubali kwamba watoto viziwi, kwa sababu ya mahitaji yao ya mawasiliano, huenda wakafundishwa vizuri zaidi katika shule maalumu au katika madarasa na vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida. Kwa hiyo ukiandika kwamba mtoto kiziwi apelekwe mahali penye lugha yake, iwe ni shule ya viziwi kama zile za Tabora na Buguruni au kitengo kilicho karibu zaidi na kwao, hujipingi hata kidogo. Ninaloomba ni kwamba uamuzi huo utokane na vipimo na mazungumzo na wazazi, usitokane na uchovu wetu katika ofisi ya walimu.

Nasema hivyo kwa sababu kauli ya "wapelekwe shule zao" ina historia ambayo wenzako wanapaswa kuiheshimu. Hapo mkoani kwenu, Buigiri, watoto wasioona wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1950, na shule za namna hiyo zimewatoa Watanzania wengi gizani wakati ambapo hakuna shule nyingine iliyowataka. Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi ziliwapokea watoto wenye ualbino wakati maisha yao yalipokuwa hatarini kwa mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa. Huo ulikuwa uamuzi wa kuokoa roho. Hakuna aliyesema siku hizo kwamba binti mwenye ualbino hawezi kusoma na wenzake, na leo akiwa salama kijijini kwao, karibu na mama yake, kumtoa hapo na kumpeleka bweni la mbali kwa sababu mwalimu hataki kuandika kwa herufi kubwa ni dhuluma. Kati ya watoto wote uliowataja, huenda ni mmoja tu anayehitaji kufikiriwa mahali pengine, na hata yeye bado hatujui mpaka apimwe.

Kuhusu yule asiyetulia nitasema machache. Usimpe jina la ugonjwa. Si kazi yangu wala yako kutamka kama ana usonji au ana tatizo la umakini, na kwa hilo uulize katika ofisi ya elimu ya halmashauri kama kuna kituo cha upimaji mnachoweza kumpeleka. Usikubali pia jina alilopewa na walimu, kwa sababu mtoto huishi kulingana na jina analoitwa. Andika ubaoni ratiba ya kipindi kwa hatua tatu au nne ili ajue kinachofuata, mpe kazi zinazomwinua kwa halali kama kugawa madaftari na kufuta ubao, na fimbo iweke kando kabisa. Sijaona mtoto aliyejifunza kutulia kwa kuogopa.

Sasa nije kwenye uadilifu, jambo ambalo naona linakusumbua kuliko mengine. Umeuliza kama ni haki kumpa mmoja swali jepesi na mwenzake swali gumu. Ukilifanya hilo kila siku, si haki, kwa sababu mtoto anayepewa mepesi mwaka mzima anamaliza mwaka akiwa na elimu nyepesi, na tena anajua kwa nini amepewa. Haki ni kuwapa wote lengo moja na kuwafungulia njia zaidi ya moja ya kulifikia na ya kuonyesha kwamba wamelifikia. Chukua somo la sehemu katika Hisabati. Kwa mazoea tungechora duara ubaoni, tukaligawa, tukaandika nusu na robo kwa tarakimu, kisha tukawaambia wanakili na wafanye maswali kumi. Jiulize swali lile la jioni, nani hataambulia kitu? Binti hataliona duara, mvulana hatasikia maelezo uliyoyatoa ukiwa umeuelekea ubao, wasiojua kusoma hawatayaelewa maswali, na yule asiyetulia atakuwa ameinuka kabla hujamaliza kuchora.

Basi anza na karatasi. Magazeti ya zamani yaliyokatwa vipande vya ukubwa sawa yanatosha, na yule asiyetulia ndiye atakayevigawa. Waweke katika makundi ya watoto wanane au tisa, kila kundi likiwa na mchanganyiko wa wenye uwezo tofauti, na usiwachanganye upya kila siku, kwa sababu katika darasa kubwa muda mwingi hupotea kwa kuhama. Kunja karatasi yako mbele yao bila kusema neno, kisha waambie wakunje ya kwao. Wote wanaona kwa vidole vyao kwamba vipande viwili vinalingana. Kunja tena, wahesabu vipande vinne. Sasa ndipo unaandika robo ubaoni huku ukiisoma kwa sauti, uso wako ukiwaelekea kila unapotamka. Kisha swali: kipande kimoja cha robo na kipande kimoja cha nusu, kipi ni kikubwa, na unajuaje? Binti atajibu kwa kukishika, mvulana ataviweka kimoja juu ya kingine, asiyejua kusoma atakueleza kwa mdomo, na yule anayeongoza darasa atalazimika kutoa sababu, jambo ambalo ni gumu kuliko maswali kumi ya kunakili. Utapita katika makundi mawili au matatu tu leo, kwani kipindi ni dakika 40, na makundi mengine utayapitia siku zinazofuata. Weka alama kwenye andalio la somo ili usilisahau kundi lililo kona ya nyuma. Ukishayapitia yote utajua ni nani ameelewa robo na ni nani bado, na hutakuwa umepima macho, masikio wala kasi ya kuandika.

Wale wasiojua kusoma, hata hivyo, hawatoshelezwi na majibu ya mdomo. Darasa la Kwanza na la Pili yamewekewa mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anayevuka madarasa hayo bila stadi hizo hukutana na masomo yanayochukulia kwamba anazo. Kila mwezi unaopita unampa mada mpya juu ya msingi ambao haupo. Hakikisha kwanza anaona na anasikia. Kisha ukubaliane na mwalimu mkuu mpate muda mfupi katika siku, hata nusu saa kabla ya vipindi au baada ya mapumziko, ambapo watoto wa madarasa ya jirani wanakusanywa kwa kiwango chao cha kusoma bila kujali wako darasa la ngapi, wanafundishwa silabi na maneno mafupi, halafu wanarudi kwenye madarasa yao. Wapime kila baada ya wiki chache na uwahamishe wanaopanda, kwa sababu kundi ambalo mtoto hatoki ni shule ya pili ndani ya shule. Huu ndio mgawanyo pekee wa watoto ninaoutetea bila kusitasita, kwa kuwa una mlango wa kutokea.

Yule mzazi usimjibu kwa hotuba ya haki za binadamu. Mkaribishe akae nyuma ya darasa siku ya somo kama hilo la karatasi, amwone mwanawe akitafuta sababu ya jibu lake. Lakini upokee pia ukweli uliomo ndani ya malalamiko yake. Zipo shule ambazo elimu jumuishi imekuwa na maana ya kumfanya mtoto mwerevu kuwa mwalimu msaidizi kutwa nzima, akieleza kwa wenzake mambo aliyokwisha kuyajua huku yeye mwenyewe hapewi chochote kipya. Mtoto huyo naye anaachwa nyuma. Katika andalio lako pawe na swali moja ambalo hata yeye atalikunia kichwa.

Kuhusu ukurasa wenyewe, anza na somo, usianze na imani. Eleza kipindi kimoja ulivyokifundisha na kwa nini ulikipanga hivyo, kisha useme imani iliyokuongoza. Andika kwa namna ambayo mwalimu mwenzako akiingia darasani mwako siku yoyote ataweza kukagua kama ulichoandika kinatendeka. Na usifiche mipaka. Uwiano uliowekwa na serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wewe una karibu mara mbili ya hao. Sema hivyo bila kulalama, na useme mambo unayoweza kuyafanya peke yako hata katika hali hiyo, na yale yasiyowezekana bila mwalimu wa pili, bila vipimo vya macho na masikio, bila karatasi za maandishi makubwa. Kwa Afisa Elimu Kata ukurasa wa namna hiyo ni taarifa anayoweza kuipeleka juu, na kwa chuo ni ushahidi kwamba unajua unachokwenda kukisomea.

Ukitaka mfano wa aya ya kati, huu hapa, nawe uubadilishe upendavyo: "Kabla ya kila somo ninajiuliza ni mtoto gani darasani mwangu ambaye lingempita, na kwa sababu gani, kisha ninalipanga upya kwa ajili ya wote. Ninasoma kwa sauti ninachokiandika, ninawaelekea wanafunzi ninapozungumza, na ninakubali jibu lililosemwa, lililochorwa au lililopangwa kwa vitu, mradi lengo la somo limefikiwa. Simpunguzii mtoto lengo kabla sijambadilishia njia. Ninaamini shule ya karibu na nyumbani ni mahali pa kila mtoto ambaye shule hiyo inaweza kuzungumza naye, na pale ambapo haina lugha yake ni wajibu wangu kusema hivyo mapema, kwa wazazi na kwa wakuu wangu."

Mpe mwalimu mkuu nakala kabla hujaituma chuoni, ukiambatisha majina ya watoto wanaohitaji kupimwa macho na masikio kabla shule haijafungwa, na umwombe sahihi yake kwenye barua ya mvulana ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.